Tyuna inasoma vizuri ila Ulaya hawanisikii

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Ujiji hapa Kigoma, leseni ya TCRA ninayo, redio yangu ni ya wati 100. Tyuna ya antena (kifaa cha kulinganisha redio na waya wa antena) nimejiundia, ile ya T, kapasita mbili za kuzungusha nimezing'oa kwenye redio za taa za zamani na koili nimeisuka kwenye bomba la plastiki. Waya ni mita 20, umetoka dirishani mpaka kwenye mwembe. Nikiwa bendi ya mita 40 (7 MHz) SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudi redioni ambapo 1 ndiyo bora, inashuka hadi 1.2 lakini nikiita naambulia kimya tu, halafu koili inachemka na kwenye kapasita nasikia tsss tsss. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kuunda hujakosea, ulichokosea ni urefu wa waya. Nusu ya urefu wa wimbi kwa mita ni 143 gawa kwa MHz, basi 143 gawa kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo, yaani waya wako ni nusu wimbi kamili kwa bendi hiyo, na nusu wimbi ukiilisha kwa mwishoni inakuwa na omu elfu kadhaa, sasa wati 100 kwenye omu 3,000 ni volti zaidi ya 500, na hizo kapasita ni za redio ya kupokelea tu, bamba zimebanana kama kurasa za daftari, zitaachaje kurusha cheche? Na usikimbilie bendi ya mita 20 (14 MHz) ukadhani umepona, huko waya huohuo ni wimbi zima, tabu ni ileile.

Kata ubaki na mita 12.5, huo haugongi nusu wimbi kwenye 7, 14, 21 wala 28 MHz. Kipande cha mita 7.5 usikitupe, kilaze chini na ukifunge upande wa ardhi wa tyuna.

Halafu hiyo 1.2 isikudanganye bwana. Inasema redio imeridhika, haisemi wati zimeenda wapi. T inakubali mipangilio mingi na mingine ni mibovu, ukiweka koili nyingi na kapasita umezifungua sana SWR inakuja poa kabisa huku wati zinapasha koili (hapo umejenga jiko). Anza na bamba zote zimeingiana, tafuta koili ndogo kuliko zote inayoshusha SWR, ndiyo ufungue kapasita kidogokidogo. Mizunguko 20 kwenye bomba la sentimita 5, ukiitandaza sentimita 6, ni kama maikrohenri 12, inatosha. Unapotafuta shusha redio iwe wati 10, na kwa kapasita hizo mimi hata kuongea ningebaki hapohapo.

Ukimaliza, jioni nenda 14 MHz, fungua kwenye simu WebSDR (redio ya kupokelea inayosikilizwa kwa intaneti) ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ni bure, uite huku unajisikiliza mwenyewe. Mimi siku ya kwanza nilivyosikia sauti yangu imerudi kutoka huko nilisahau hata chai jikoni.

SWALI: Mvua ikianza, nikizima redio tu inatosha? Msomaji, Kasulu.

JIBU: Haitoshi. Radi haijui swichi. Chomoa waya kwenye tyuna uutupe nje ya dirisha, na ufanye hivyo kabla wingu halijafika, maana ukishasikia ngurumo usiuguse tena.