Kusimama barabarani na Wanawake Wenye Mavazi Meusi: je, inamfaa mwanamke mshika Torati?

SWALI: Shalom Rabi. Mimi ni Myahudi, nimelelewa Nairobi na sasa naishi Yerusalemu. Kila Ijumaa wenzangu, wafeministi kama mimi, husimama Kikar Tzarfat, uwanja ulio katikati ya mji, pamoja na Wanawake Wenye Mavazi Meusi kudai ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina ukome. Nimekwenda mara mbili. Mzee mmoja wa sinagogi letu ameniambia mwanamke mcha Mungu hasimami barabarani, na kwamba kuvaa nguo za msiba kwa ajili ya wasio wetu ni kuwaaibisha Israeli. Wapita njia nao wanatutukana. Niendelee au niache?

JIBU: Shalom, binti yangu. Endelea.

Wanawake hao walianza kusimama hapo Januari 1988, mwezi mmoja tu baada ya intifada ya kwanza, maasi ya Wapalestina, kuzuka. Saa saba mpaka saa nane mchana, kimya, wakishika bango jeusi lenye umbo la kiganja. Kufikia 1991 wanawake wa Belgrade walikuwa wakisimama vivyo hivyo kupinga vita vya kwao. Lakini mimi nikiwaona hukumbuka mwanamke wa zamani zaidi.

Fungua Samweli wa Pili, sura ya 21. Saulo alikuwa amewaua Wagibeoni, na baadaye, wakati wa njaa, Daudi akawatoa wanaume saba wa ukoo wa Saulo, wakatundikwa mlimani. Rispa binti Aya, suria wa Saulo na mama wa wawili kati yao, akatwaa gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hata mvua iliponyesha. Mchana aliwafukuza ndege, usiku wanyama wa mwitu. Andiko halituambii kwamba alitamka neno lolote. Habari zilipomfikia mfalme, yeye ndiye aliyenyanyuka akaikusanya mifupa yao na kuizika, na ndipo Mungu akaombeka kwa ajili ya nchi.

Sasa hesabu. Wana wa Rispa walikuwa wawili, maiti ni saba. Wale watano walizaliwa na mama mwingine, na Rispa aliwalinda wote. Kila nikifika hapo machozi hunilenga.

Kwa hiyo mzee wetu akisema unaomboleza wasio wetu, mwambie kwa adabu kwamba Gemara, yaani mafundisho ya wahenga wetu katika Talmudi, kwenye kitabu cha Gittin 61a, inatuagiza kuwazika wafu wa mataifa pamoja na wafu wa Israeli kwa ajili ya njia za amani. Na kuhusu aibu: Walawi 19 inasema sharti umkemee jirani yako, usije ukapata dhambi kwa ajili yake. Anayewakemea watu wake kwa sababu anawapenda hajawaaibisha. Ila tazama bango lako limeandikwa nini. Likiwadhihaki waliofiwa, wa upande wowote, usilishike.

Hilo la mwanamke kukaa ndani linajibiwa na mabinti watano wa Selofehadi. Walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote wakadai haki yao ya urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akasema wamenena sawa.

Matusi yanauma, najua. Usijibu. Wahenga wetu katika kitabu cha Talmudi kiitwacho Shabbat, 88b, waliwasifu wanaotukanwa wasitukane, wanaosikia aibu yao wasirudishe neno, na wakawasomea mstari wa Waamuzi: wampendao Yeye ni kama jua litokapo kwa nguvu zake. Mstari huo umetoka katika wimbo wa Debora, mwanamke aliyekuwa akiwaamua Israeli nje, chini ya mtende.

Jambo moja ndilo ninalolikazia. Ijumaa ni Ijumaa. Desemba hapa Yerusalemu mishumaa ya Shabbat, siku yetu ya mapumziko inayoanza Ijumaa jioni, huwashwa karibu saa kumi jioni, na kutoka saa nane mpaka hapo muda ni mfupi kuliko unavyodhani, hasa kwa anayesubiri basi. Pika Alhamisi usiku, acha meza imetandikwa kabla hujatoka. Siku mkichelewa kuanza, ondoka kabla ya wenzako bila kuona haya. Vua nyeusi ukifika nyumbani, maana Shabbat haina maombolezo ya hadharani. Na huyo mzee mkaribishe mezani kwako, yeye na mkewe, Ijumaa hii hii.