Naishi Nairobi kwa mihuri ya Namanga. Nichukue kipande, yaani kitambulisho cha Kenya?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni Mtanzania, kwetu Moshi. Nina miaka miwili Nairobi, nasuka nywele Kenyatta Market. Kiti nakodi, nalipa kwa wiki. Kila siku 90 zikikaribia kuisha napanda basi hadi Namanga, nalala upande wa kwetu, kesho yake narudi na muhuri mpya. Sasa mwenye saluni anafungua duka la pili. Anataka kuniandika mkataba wa mwaka mmoja, nisimamie wasichana na kuwafundisha, mshahara upitie benki, na anadai PIN ya KRA, ile namba ya mlipakodi wa Kenya. Jirani amenitafutia mtu ambaye kwa shilingi 20,000 ataniombea kipande kupitia kijiji kimoja cha Taveta, "maana nyinyi na wao ni ndugu." Tena nina mtoto wa miezi mitano, baba yake Mkenya, hatujaoana. Naye ni mgeni? – Msusi, Nairobi

JIBU: Marahaba, dada. Afadhali umeuliza kabla hujatoa hizo elfu ishirini, kwa hiyo tuanze na huyo mtu.

Kipande cha bandia, kile kinachochapwa kichochoroni, ni kosa, lakini mwisho wa yote ni plastiki. Unachouziwa wewe ni kibaya zaidi kwa sababu ni cha kweli. Utapelekwa kwa chifu, utasema ulizaliwa pale, mzee asiyekujua atakuitikia, kisha utapakwa wino na kubonyeza vidole vyote kumi. Tangu siku hiyo vidole vyako ni mali ya Mkenya ambaye hakuzaliwa popote. Kadi unaweza kuitupa Mto Ngong. Alama zitabaki serikalini. Nimewahi kuwa na mteja, fundi wa magari, aliyepata kipande kwa njia hiyo akiwa kijana. Miaka ilipita, akapata kazi nzuri, akataka kunyoosha mambo yake kama mgeni halali. Alikuwa na barua ya kazi, pasipoti safi, kila kitu. Kilichomkwamisha ni vidole vyake mwenyewe.

Na kwenu pia umejiharibia. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya inaruhusu tangu Katiba ya 2010, lakini ruhusa ya Kenya haikulindi ukiulizwa Dar es Salaam kwa nini ulitia saini kwamba wewe ni Mkenya.

Najua utaniambia wapo watu wenye asili ya kusini waliopewa vipande. Wapo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walitembea kwa miguu kuja Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, na wakapewa. Wale walizaliwa hapa na hakuna nchi nyingine iliyowaita wake. Wewe unayo, na pasipoti yake iko mkobani.

Sasa hiyo mihuri. Fungua pasipoti utazame muhuri wa mwisho: una tarehe, jina la mpaka, na idadi ya siku. Hakuna neno kazi. Muhuri huo ndio pasi ya mgeni, nayo inakupa haki ya kuwepo, kutembelea ndugu, kununua vitenge, kuzurura Uhuru Park ukitaka. Kushika kichwa cha mteja kwa malipo ni jambo lingine, hata kama kiti ni cha kukodi na huna mwajiri. Mganda anayesuka kando yako naye yuko palepale. Yeye huvuka kwa kitambulisho cha kwao tu, kwa kuwa Kenya, Uganda na Rwanda zilianza utaratibu huo mwaka 2014 na Tanzania haikuingia. Lakini kilichomvusha mpaka wa Busia hakimpi kibali cha kusuka Nairobi. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, hata wenye digrii.

Nikueleze jambo litakalokuuma kidogo: nauli nyingi za Namanga ulizipoteza bure. Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, zinamruhusu raia wa Jumuiya kukaa kama mgeni hadi miezi sita bila kulipia pasi. Ungeweza kuomba kuongezewa siku ukiwa Nairobi. Kurudi na muhuri mpya kila mara pia kuna hatari yake, maana afisa anayeona mihuri minane iliyofuatana anaelewa kwamba wewe si mtalii, na ana uwezo wa kukurudisha.

Njia yako ni huo mkataba. Kwa ajira ya zaidi ya siku 90, kanuni hizohizo zinataka uombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba kusainiwa. Unaambatisha mkataba, pasipoti na picha. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya siku 30, na kibali cha kwanza huweza kufika miaka miwili. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema. Nyayo House, kwenye ofisi kuu za uhamiaji, saa ina mwendo wake. Kwa hiyo ombeni pia pasi maalumu, ili ufanye kazi kihalali wakati mnasubiri. Maombi hufanywa mtandaoni, na mwenye saluni ndiye anayepaswa kushughulika zaidi, kwa sababu kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa lake pia. Kenya haiwatozi raia wa Jumuiya ada ya kibali cha kazi. Mtu akikutajia "ada ya kibali," mwombe risiti ya serikali uone atakavyokohoa.

Kuna fundo moja. Itifaki, yaani makubaliano yaliyoanzisha hilo Soko la Pamoja, haikufungua kila kazi. Kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi inaowakubali. Usisaini kabla mkataba haujalinganishwa na orodha ya Kenya. Ukiandikwa "msusi" tu, afisa atauliza mara moja kama wasusi wamekwisha Nairobi. Umeniambia utasimamia na kufundisha: kama ni kweli, mkataba uyaseme hayo kwa maneno kamili, na vyeti vyako viambatishwe.

Kibali kikitoka, unajiandikisha upate kitambulisho cha mgeni, kinachotakiwa kwa kila asiye raia anayekaa zaidi ya miezi mitatu. Hapo ndipo PIN inapofuata. Mwambie mwajiri wako avute subira, maana mpangilio ni huo.

Hiyo miaka miwili ya kusuka bila kibali siwezi kukufutia. Adhabu yake kisheria hufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Usiende kaunta peke yako kujieleza. Nenda na wakili, na uende siku za muhuri wako zikiwa bado hai.

Mtoto ni Mkenya tangu alipozaliwa, si kwa kuwa alizaliwa Nairobi bali kwa kuwa baba ni raia. Kifungu cha 14 cha Katiba hakiulizi kama mmeoana. Cheti cha kuzaliwa peke yake hakithibitishi uraia, kwa hiyo jina la baba liwemo na nakala ya kipande chake uihifadhi. Ndoa nayo, mkifunga, haikupi uraia papo hapo: ni miaka saba kwanza, na ukiuchukua unaacha wa Tanzania.

Tazama pia tarehe ya mwisho ya pasipoti yako. Ikiwa imebaki miezi michache, anzia ubalozi wenu hapa Nairobi kabla ya kugusa mkataba.