Kabla ya Kubana Mwanga Zaidi, Tafuta Unakopotelea: Ushauri kwa Anayeanza Kazi ya Vigunduzi vya Mawimbi ya Graviti

Wanafunzi wanaoniandikia kuhusu kazi ya mwanga uliobanwa, yaani mwanga ambao kelele yake ya kubahatisha imepunguzwa upande mmoja ili vipimo viwe makini zaidi, huanza karibu wote kwa swali moja: ni maabara gani iliyofikia desibeli nyingi zaidi? Swali hilo lina haki yake, kwa sababu desibeli, yaani kipimo cha kiasi ambacho kelele imepunguzwa (desibeli 10 ni mara kumi, desibeli 3 ni nusu), ndizo zinazotajwa kwanza katika makala za kisayansi na ndizo zinazolinganishwa mikutanoni. Hata hivyo, baada ya miaka niliyoitumia kwenye meza ya optiki nchini Ujerumani, ushauri wangu kwa anayeanza ni kuliweka swali hilo kando na kuuliza jingine: kati ya fuwele inayoubana mwanga na kifaa kinachoupokea mwishoni, ni mwanga kiasi gani unaopotea, na unapotelea wapi? Atakayezoea kuuliza hivyo mapema atajiokoa na kazi nyingi isiyozaa, na nitaeleza kwa hesabu kwa nini nasema hivyo.

Kigunduzi kama LIGO cha Marekani kina mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4 kila mmoja. Mwale wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanometa 1064 hugawanywa sehemu mbili, husafiri katika mikono hiyo, hurudishwa na vioo vyenye uzito wa kilo 40 kila kimoja, kisha sehemu zake mbili hukutana tena. Wimbi la graviti, yaani mtikisiko wa anga-wakati wenyewe, linapopita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika, lakini kwa kiasi kidogo mno: wimbi la kwanza kugunduliwa, tarehe 14 Septemba 2015, liliibadilisha mikono hiyo kwa umbali ulio mdogo mamia ya mara kuliko kipenyo cha protoni. Katika vipimo vya namna hii, hata baada ya kutuliza mitetemo ya ardhi na kutoa hewa katika mabomba, hubaki kelele inayotokana na mwanga wenyewe, kwa kuwa fotoni, yaani chembe za mwanga, hazifiki kwenye kipokezi kwa mpangilio uliopimwa bali kwa kubahatisha.

Mwaka 1981 mwanafizikia Carlton Caves alionyesha jambo ambalo namsihi kila mwanafunzi alielewe kwa kina kabla ya kugusa kioo chochote. Kelele hiyo ya kwanta huingia katika chombo kupitia mlango wa kutokea mwanga, yaani ule upande ambao kwa macho hauna mwanga wowote. Ombwe si utupu mtulivu. Lina mtikisiko wake mdogo usioweza kuondolewa, na mtikisiko huo ndio unaoingia kupitia mlango huo na kuchanganyika na mwanga wa leza. Kanuni ya Heisenberg hairuhusu mtikisiko huo ufutwe, lakini inaruhusu ugawanywe upya: unaweza kuupunguza katika fezi ya mwanga (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) endapo utakubali uongezeke katika ukubwa wa wimbi, au kinyume chake. Pendekezo la Caves lilikuwa kuchukua ombwe lililokwisha kubanwa upande unaotufaa na kulitia katika mlango ule, mahali pa ombwe la kawaida.

Kazi ya kubana hufanywa na fuwele, mara nyingi ya KTP iliyopangwa kwa tabaka, inayopewa mwanga wa kijani wa nanometa 532. Fotoni moja ya kijani hugawanyika kuwa mbili za nanometa 1064, na uhusiano uliopo kati ya pacha hao wawili ndio unaopunguza ubahatishaji. Ukiuharibu uhusiano huo, hutabaki na chochote. Ndiyo maana upotevu wa mwanga, ambao katika kazi nyingine za leza huwa ni hasara ndogo tu ya nguvu, hapa huwa ni adui mkuu.

Niliwahi kulieleza hili kwa vijana wa kwetu Tanga kwa mfano wa kisima kilicho karibu na ufuo: ukuta wake ukipasuka, hasara haiishii kwenye maji baridi yanayotoka, kwa sababu mahali pake huingia maji ya chumvi. Kila fotoni inayopotea katika mwanga uliobanwa huiachia nafasi kelele ya ombwe la kawaida, nayo huingia bila kuombwa. Kioo chenye vumbi, lenzi iliyopakwa vibaya, mwale usiolingana umbo na mwale wa kigunduzi, kipokezi kisichobadilisha kila fotoni kuwa elektroni: kila kimoja ni ufa.

Sasa hesabu. Tuite kelele ya kawaida ya ombwe 1. Mwanga uliobanwa kwa desibeli 10 una kelele ya 0.1. Ukipoteza asilimia 30 njiani, kinachofika ni asilimia 70 ya ile 0.1, pamoja na 0.30 ya kelele mpya, jumla 0.37, yaani desibeli 4.3 tu. Mwanafunzi mwenye bidii ataona matokeo hayo na kuamua kuiboresha fuwele. Tuseme anafanikiwa, naye anafikia desibeli 15, kiwango ambacho watafiti wa Hannover walikipima na kukitangaza mwaka 2016 na ambacho si kila maabara huweza kukikaribia. Kwa upotevu uleule wa asilimia 30, atapata desibeli 4.9. Kazi yote hiyo imemwongezea desibeli 0.6. Mwenzake aliyeiacha fuwele kama ilivyo, akasafisha na kupanga vioo mpaka upotevu ukashuka kutoka asilimia 30 hadi 20, atapata desibeli 5.5. Na kama nusu ya mwanga inapotea, hakuna fuwele duniani itakayomwezesha kuona zaidi ya desibeli 3.

Nashauri kila anayeanza aandike jedwali la upotevu siku ileile anapokabidhiwa meza, na asiamini namba yoyote ya jedwali hilo mpaka aipime mwenyewe. Upotevu huzidishwa, kwa hiyo unatambaa: nyuso kumi zenye upotevu wa asilimia 1 kila moja hukuachia asilimia 90 tu ya mwanga. Umbo la mwale linahitaji uangalifu zaidi. Unapokutanisha mwanga uliobanwa na mwale wa rejea, yaani mwale wa kulinganishia, ubora wa mistari ya mwingiliano (ya mwanga na giza) unayoiona huingia katika hesabu ukiwa umepigwa kipeo cha pili, hivyo ubora wa asilimia 95, unaoonekana mzuri kabisa kwenye skrini, ni ufanisi wa asilimia 90 tu. Kuutoa kutoka 95 hadi 98 kunaweza kuchukua wiki za kusogeza lenzi kidogo kidogo, na wiki hizo zina thamani kuliko mwezi wa kuongeza nguvu ya mwanga wa kijani. Kelele ya umeme ya kipokezi nayo huhesabiwa vivyo hivyo: ikiwa chini ya kelele ya ombwe kwa desibeli 10 pekee, inakuathiri kana kwamba umepoteza asilimia 10 ya mwanga, kwa hiyo hakikisha iko chini kwa desibeli 20 au zaidi kabla ya kuanza kulaumu optiki.

Kuna njia moja ya kupima upotevu wote kwa mkupuo ambayo ningependa ifundishwe mapema zaidi kuliko inavyofundishwa. Usipime upande uliobanwa peke yake. Pima pia upande uliovimba, yaani ule ambao kelele yake imeongezeka, ambao wanafunzi wengi huupuuza kwa kuuona hauna faida. Upande uliovimba hauathiriwi sana na upotevu, na kwa hiyo unasema kweli kuhusu fuwele. Chukua namba mbili hizo kama viwango vya kawaida, si desibeli. Zizidishe, utoe 1, kisha ugawe kwa jumla ya namba hizo mbili baada ya kuitoa 2. Jibu ni sehemu ya mwanga inayopotea. Tuseme umepima desibeli 5 chini ya kelele ya ombwe na desibeli 12 juu yake: namba ni 0.316 na 15.85, na hesabu inatoa 0.283. Unapoteza asilimia 28, na fuwele yako, ambayo pengine ulikuwa karibu kuibadilisha, inabana zaidi ya desibeli 13. Mara kadhaa nimeona hesabu hii fupi ikimaliza mabishano ya kikundi kizima kuhusu kifaa gani kinunuliwe.

Hesabu hiyo hudhani kwamba fezi imetulia, na hilo si la kudhani tu. Upande uliovimba ukiyumba kidogo, humwagikia upande uliobanwa, na kadiri unavyobana zaidi ndivyo unavyovimbisha zaidi. Fezi ikiyumba kwa digrii 2 tu, chanzo cha desibeli 15 hushuka hadi 11.5, ilhali chanzo cha desibeli 10 hushuka hadi 9.5. Anayekazania desibeli nyingi pasipo kwanza kujifunza mifumo ya udhibiti inayoshikilia fezi hujijengea chombo kisichotulia. Ningemshauri mwanafunzi wa fizikia anayejiandaa kwa kazi hii achukue masomo ya udhibiti na elektroniki kutoka idara ya uhandisi hata kama hayahesabiwi katika shahada yake. Mimi mwenyewe niliyatumia kila siku maabarani kuliko masomo mengi ya nadharia niliyoyapenda.

Historia ya vigunduzi vyenyewe inathibitisha jambo hili. Mwanga uliobanwa ulionekana kwa mara ya kwanza maabarani mwaka 1985, lakini kigunduzi cha GEO600, kilichopo kusini mwa Hannover, kilianza kuutumia mwaka 2010, na kwa kiwango cha desibeli 3.5 tu, ingawa chanzo chake kilikuwa na uwezo mkubwa zaidi. Kilifikia desibeli 6 mwaka 2021, baada ya miaka kumi hivi ya kufuatilia upotevu na kutuliza mpangilio wa mwale. LIGO ilipoanza kipindi chake cha tatu cha uchunguzi mwezi Aprili 2019, ilipata desibeli 2.0 Hanford na 2.7 Livingston, vituo vyake viwili. Anayezilinganisha na desibeli 15 za maabarani ataziona ndogo, lakini zilitosha kuongeza idadi iliyotarajiwa ya mawimbi yanayogunduliwa kwa asilimia 40 na 50, kwa sababu kigunduzi kinachosikia mbali kidogo zaidi husikiliza ujazo mkubwa zaidi wa anga. Mimi hufurahi kila ninapozisoma namba hizo, maana ndani yake mna miaka ya watu waliosafisha vioo na kupima asilimia moja moja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nguvu ya leza isiongezwe tu. Imeongezwa, na ndani ya mikono ya LIGO sasa kuna mamia ya kilowati, lakini vioo hupata joto na kupinda. Zaidi ya hapo, fotoni husukuma vioo, na msukumo huo nao ni wa kubahatisha; mwaka 2020 watafiti wa LIGO walionyesha kwamba mtikisiko wa kwanta wa mwanga huvisogeza kweli vioo vile vya kilo 40. Katika masafa ya chini, ya makumi ya hezi (mitikisiko kwa sekunde), kelele hiyo ya msukumo ndiyo inayoanza kutawala, na hapo mwanga uliobanwa katika fezi huleta madhara, kwa kuwa umevimba upande unaosukuma vioo. Dawa yake, iliyopendekezwa na mwanafizikia Kimble na wenzake mwaka 2001, ni kuupitisha mwanga uliobanwa kwanza kwenye kaviti ya kuchuja, yaani vioo viwili vinavyotazamana, ambavyo huuzungusha mwelekeo wa kubana kulingana na masafa. Ile ya LIGO ina urefu wa mita 300 na ilianza kutumika katika kipindi cha nne cha uchunguzi mwaka 2023. Mwaka uliofuata watafiti waliripoti kwamba kelele ya kwanta Livingston ilishushwa hadi desibeli 3 chini ya kile kilichoitwa kwa miaka mingi kikomo sanifu cha kwanta (kiwango cha chini cha kelele kwa mwanga usiobanwa), kati ya hezi 35 na 75.

Kaviti hiyo ndiyo mahali pagumu kuliko pote kwa suala la upotevu, kwa sababu mwanga huenda na kurudi ndani yake mara nyingi sana, hata ufa wa makumi machache ya sehemu kwa milioni katika mzunguko mmoja huonekana kwenye matokeo. Urefu wa mita 300 ulichaguliwa kwa sehemu kwa ajili hiyo: kwa urefu mkubwa, mizunguko inayohitajika hupungua. Vigunduzi vinavyopangwa sasa, Einstein Telescope barani Ulaya na Cosmic Explorer nchini Marekani, vinalenga desibeli 10 katika kazi halisi ya kila siku, na msomaji aliyefuata hesabu ya hapo juu ataona mara moja kwamba lengo hilo linataka upotevu wa jumla, kutoka fuwele hadi kipokezi, usifike asilimia 10 hata kama chanzo kingekuwa kamilifu.

Kwa hiyo, unapoiandikia maabara kuomba nafasi ya shahada ya uzamili au uzamivu, omba uonyeshwe jedwali lao la upotevu, na uulize ni mistari mingapi ya jedwali hilo iliyopimwa na ni mingapi iliyokadiriwa. Msimamizi mzuri atafurahi kuulizwa hivyo, na huenda akakupa mstari mmoja uliokadiriwa uwe kazi yako ya kwanza.