Usimrudishe huyo mtoto kwao

Dada wa Wete, usimrudishe mtoto wa wifi yako! Umeuliza kama umrudishe kabla ya Ramadhani kwa kuwa kazi zake hazitakati, ukauliza na dawa ya usingizi, na vipi mume afuate utaratibu wako. Hilo la mtoto ndilo lililonikaba roho.

Mie nilikaa na mtoto wa dada yangu kutoka Konde, akisoma skuli hapa Chake. Akiosha masufuria, nayaosha tena, naye kasimama pale pale mikono ina povu. Akikuna nazi, namsimamia: umefika kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi. Akikunja kanga, nazikunjua, pindo hazikulingana. Sikumpiga wala kumtukana, nikijiona namfundisha. Ikafika hata kuchota maji anitazame usoni kwanza. Mwisho akaacha kula na sisi.

Hapo ndipo alipoingia yule mganga, Mungu atamlipa. Kaninywesha kombe, kala pesa zangu, kaniambia ndani ya nyumba mna hasidi anayeninyima raha. Hasidi gani, mtoto wa darasa la sita? Nami nikamfunga nguo zake nikampandisha gari ya Konde. Dada yangu hadi leo akija Chake hapiti kwangu, hata Idd.

Daktari ndiye aliyenifumbua macho. Kumbe nina maradhi ya tabia, ya kutaka kila kitu kiende kwa utaratibu wangu tu; kwa Kiingereza wanayaita OCPD. Si jini, wala si wasiwasi ule wa mtu kurudia udhu huku anaumia na anatamani kuacha. Sisi wenye tabia hii hatutamani kuacha: tunajiona tuko sawa, wazembe ni wengine. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, umetaja alama 8 za tabia hii, na daktari hutafuta angalau 4. Mojawapo ni kutoweza kumwachia mtu kazi mpaka aifanye vile vile utakavyo wewe. Tiba yake kubwa ni kukaa na mtaalamu mkazungumza, tena kwa muda mrefu.

Kazi ukishamkabidhi mtu, usiirudie. Basi! Sahani imebaki na mafuta? Iache, kesho mwambie kwa upole. Mume kakunja mkeka upande? Ukae hivyo hivyo. Kifua kitakubana, changu kilibana mpaka nikatoka barazani na tasbihi, kikaachia. Leo usiku mtoto akianza kuosha vyombo, wewe toka jikoni.