Kifua kinabana, kipimo cha moyo "safi": kwa mwanamke wa miaka 38 hiyo haitoshi

Mkuu, umeuliza kwa nini kaka yenu wa miaka 46 aligundulika na mshtuko wa moyo siku ileile, ila dada wa 38 aliyebanwa kifua kapimwa umeme wa moyo mara moja, kaambiwa safi na kurudishwa na dawa za vidonda vya tumbo.

Ugonjwa wenyewe hutofautiana. Kwa mwanaume kijana, kwa kawaida utando wa mafuta ndani ya mshipa hupasuka, damu ikaganda hapo na kuziba. Kwa mwanamke wa umri huo, utando unaweza kuchubuka tu, au ukuta wa mshipa ukachanika bila mafuta yoyote. Wanaochanika hivyo wengi mno ni wanawake, na wiki za mwanzo baada ya kujifungua ndizo za kuogopa. Hapo stenti (kibomba cha kupanua mshipa, kinachoingizwa kwa waya) haikimbiliwi, maana waya huo unaweza kurefusha ufa. Damu ikiwa inapita na mgonjwa katulia, mara nyingi mshipa huachwa upone.

Ile habari kwamba wanawake hawaumwi kifua siikubali. Wanaumwa, ila huongezea kichefuchefu, mgongo, taya, pumzi kukatika. Mgonjwa akianza kueleza tumbo, daktari naye anabaki tumboni.

Kipimo cha umeme kirudiwe kila dakika 15 hadi 30 maumivu yakiendelea. Troponini, protini inayoingia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, ipimwe akifika, kisha tena baada ya saa kadhaa. Muhimu ni kama inapanda. Uliza pia mpaka wa maabara, yaani kiwango ambacho juu yake si kawaida. Kwenye kipimo kimoja cha troponini I kinachotumika sana, mpaka wa wanaume ni 34 (nanogramu kwa lita), wa wanawake 16, wa pamoja 26. Mwenye 20 kwa mpaka wa pamoja anaandikiwa "kawaida".

Daktari aambiwe habari za kaka, kwani ndugu wa kiume wa damu kuugua kabla ya 55 huhesabika (wa kike, kabla ya 65). Aambiwe pia kama dada aliwahi kupata presha au kisukari cha mimba, kama hedhi ilikoma mapema, kama ana lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia) au anavuta sigara. Ya mimba huulizwa kliniki ya wajawazito, kwenye moyo yote haya yanasahaulika. Kisukari hasa huipunguza sana ile nafuu ya wanawake, ya kuugua moyo miaka kama 10 baada ya wanaume.

Maumivu yakirudi, msisubiri asubuhi. Atafune aspirini 300 mg, yaani vidonge vinne vya 75, isipokuwa ana mzio nayo, anatapika damu au choo ni cheusi kama lami, na gari liwe linawashwa.