Ukisimulia, usianzie kwenye sindano

Dada yangu unayetumia au uliyewahi kutumia unga, yaani heroini, siku ukiombwa kusimulia maisha yako mbele ya watu, haya ndiyo niliyojifunza. Mimi niliutumia miaka tisa hapa Dar es Salaam. Sasa niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto na hamu ya unga, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Kila asubuhi nainywa dirishani mbele ya muuguzi, kisha naongea kidogo ili aone nimemeza. Foleni ile wanawake ni wa kuhesabu, ingawa maskani, kule tulikokuwa tunatumia, tulikuwa wengi. Mwanaume akibwia unga, mtaa unasema kapotea. Mwanamke ataitwa malaya, tena mama asiye na huruma, basi anajificha mpaka na kliniki.

Mara ya kwanza kuombwa nisimulie, mbele ya wauguzi, nilieleza yote: sindano, kujiuza, kulala nje. Walinihurumia. Nilitoka nikajiona nimevuliwa nguo, wala sidhani kuna aliyebadilika.

Mara ya pili nilisimulia siku niliyojifungua tu. Nilikuwa na arosto, maumivu ya kukosa unga, natetemeka, kamasi zinanitoka, nimevuta mikono ya gauni kuficha makovu. Muuguzi akaipandisha, akaita wenzake waje waone teja anavyozaa. Mtoto sikumpeleka kliniki mpaka alipotimiza miezi minne. Ukumbi ulinyamaza. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akauliza, "Mwanangu, ungefanyiwa nini siku ile ili urudi?" Nikamwambia, ningeitwa jina langu.

Kwa hiyo dada yangu, chagua tukio ambalo msikilizaji wako ana mkono ndani yake. Wauguzi wape habari za wodini. Mashangazi wape siku uliyofukuzwa msibani. Watoto usiwataje, maana watakaochekwa shuleni ni wao. Anayekualika muulize mapema nani atakuwepo, kama wanarekodi, na kama unaweza kuishia katikati. Akikasirika, usiende. Na usiende peke yako. Usiku ule baada ya kusimulia mara ya kwanza, hamu ya kete ya unga ilinirudia vibaya sana. Mwenzangu wa kliniki alikuja kulala kwangu, tukakesha tunaongea.

Wala usikubali kuambiwa usubiri mpaka uache kabisa. Anayetumia leo ndiye anayenyanyapaliwa leo.

Mimba ya pili ilinikuta kwenye methadoni. Niliendelea na dozi, kwa sababu mjamzito kukatisha ghafla ni hatari, na mtoto nikamnyonyesha. Zamu ya siku niliyojifungua alikuwa yule mama mtu mzima. Alisoma kadi, akaniita kwa jina, akauliza kama dozi ya leo nimeshakunywa.