Kabla ya kufungua kompyuta, hesabu mwanya wa hewa

Mwanafunzi wa uhandisi akiniletea picha ya mota iliyopakwa rangi na kompyuta, nyekundu hapa, bluu pale, swali langu la kwanza huwa hili: kabla hujabonyeza kitufe, ulitarajia tesla (T, kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) ngapi kwenye mwanya wa hewa, ile nafasi kati ya sehemu inayozunguka na iliyotulia? Wengi hutazama chini. Picha ni nzuri, lakini mwenye picha hana namna ya kujua kama inamdanganya.

Vijana wa Kampala wanaotaka kuunda mota zao wenyewe wameongezeka sana. Kiira EV ilitoka Makerere mwaka 2011, basi la Kayoola la jua likafuata mwaka 2016, na sasa boda za umeme zinapita kila mtaa. Mota za boda nyingi ni zile zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma: steta, yaani chuma chenye koili, imetulia katikati, na pete ya sumaku za kudumu inaizunguka kwa nje. Zikiharibika huja kwa mafundi kama sisi, na ndiyo maana nimeona niandike jinsi ninavyozihesabu kwa kalamu. Karakanani kwetu kuna watu wa Busia, wa Arua na wa Bunia, kwa hiyo mjadala wote ni kwa Kiswahili, na makala hii pia.

Sina ugomvi na kompyuta. FEMM, programu ya bure ya David Meeker, ninaitumia na ninaipenda. Inaikata mota vipande vidogo vya pembetatu na kutafuta uga wa sumaku katika kila kipande. Ila inakujibu swali moja tu kwa wakati: kwa vipimo hivi hivi, uga ni huu. Ukitaka kujua ufanye sumaku iwe nene zaidi au upunguze mwanya, itabidi uchore upya, uendeshe upya, na uombe umeme usikatike. Mlinganyo mfupi unaonyesha yote mawili kwa mara moja.

Tuchukue mfano. Mota ya gurudumu yenye mifereji 27 (nafasi kati ya meno ya steta, zinamokaa koili) na sumaku 30. Kipenyo kwenye mwanya wa hewa ni kama milimita 155. Sumaku ni za neodimiamu, unene milimita 3, na sumaku yenyewe ina nguvu ya 1.2 T (hii ndiyo Br kwenye karatasi ya muuzaji). Mwanya kati ya sumaku na meno ya steta ni milimita 0.8. Mlinganyo ni huu, B ikiwa ni uga ndani ya mwanya:

B = Br ÷ (1 + 1.05 × mwanya ÷ unene wa sumaku)

Ukiweka namba unapata 1.2 ÷ 1.28, yaani 0.94 T. Hiyo 1.05 ina habari kubwa kuliko inavyoonekana. Inasema kwamba kwa upande wa kupitisha uga, sumaku ya neodimiamu ni karibu sawa na hewa tupu. Kwa hiyo mwanya ambao uga unauona si milimita 0.8. Ni 0.8 kujumlisha unene wa sumaku yenyewe uliogawanywa kwa 1.05, jumla karibu 3.66. Shika hilo, mengi yanatoka hapo.

Ongeza mwanya mara mbili, uwe 1.6. Uga unashuka hadi 0.77 T, hasara ya asilimia 18 hivi, si nusu kama watu wanavyodhani. Sasa fanya kinyume: acha mwanya kwenye 0.8 na uweke sumaku nene maradufu, milimita 6. Unapata 1.05 T. Faida ni asilimia 12, na bei ya sumaku imekuwa mara mbili. Sumaku hizi tunaziagiza kutoka China na ndizo zinazokula pesa kuliko shaba na chuma, kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kulipa fundi mzuri wa leithi akupatie mwanya mdogo, kabla ya kulipia sumaku nene. Na ukiweka feraiti ya 0.4 T mahali pa neodimiamu kwa vipimo hivyo hivyo, mwanya unapata 0.31 T tu. Anayekuambia feraiti itafanya kazi ile ile ukibadilisha tu sumaku, mwombe akuonyeshe hesabu.

Mlinganyo huo huo unaeleza kwa nini beringi mbovu huzidi kuwa mbovu. Tuseme beringi imelegea na rota (hapa ni ile pete ya sumaku) imeegemea upande mmoja: huku mwanya ni 0.5, kule 1.1. Uga unakuwa 1.02 T upande mmoja na 0.87 T upande wa pili. Lakini mvuto wa sumaku kwa chuma hufuata B kipeo cha pili, kwa hiyo upande wa karibu unavuta kwa asilimia 39 zaidi ya upande wa mbali, na unaivuta rota huko huko ilikokwisha egemea. Mvuto wenyewe si wa kuchezea. Kwa 0.94 T ni kama kilo 3.5 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ndiyo sababu ukirudisha steta ndani ya pete ya sumaku kwa mikono mitupu, inaruka na kujibamiza, na kidole kikiwa katikati ni hospitali. Tumia skrubu ndefu tatu au vuta kwa pula, ishuke polepole.

Hadi hapa tumejifanya kwamba uga ni tambarare: chini ya sumaku 0.94, kati ya sumaku sifuri. Ukiuchora ukizunguka mota, unapata umbo la mraba mraba. Hapo ndipo anaingia Fourier, mwanahisabati aliyeonyesha kwamba umbo kama hilo ni jumla ya wimbi kuu laini na mawimbi madogo ya haraka zaidi, yaani hamoniki, na msiogope. Kinachotakiwa ni kujua sumaku inafunika sehemu gani ya nafasi iliyopewa ncha moja (kila sumaku ni ncha moja, kaskazini au kusini). Ikifunika theluthi mbili, hamoniki ya tatu (yenye kasi mara tatu ya wimbi kuu) inatoweka kabisa. Ikifunika nne kwa tano, inatoweka ya tano. Kwenye mota ya fezi tatu iliyofungwa kwa nyota (ncha moja ya kila fezi imeunganishwa pamoja), hamoniki ya tatu haifiki kwenye nyaya za nje hata ikiwepo, basi kwa nini uinunulie dawa? Mimi huchagua nne kwa tano. Sumaku inaongezeka kwa asilimia 20 na wimbi kuu la uga linaongezeka kwa karibu asilimia 10, na mota inatulia zaidi. Katika mfano wetu nafasi ya ncha ni milimita 16.2, kwa hiyo sumaku ina upana wa milimita 13.

Steta ina midomo ya mifereji, na juu ya mdomo hakuna chuma. Mwingereza F. W. Carter alilishughulikia jambo hili mwaka 1901, na faktari yake bado inatumika: unajifanya steta ni laini, ila unaongeza mwanya kidogo. Kwa mdomo wa milimita 3 na meno yanayorudi kila milimita 18, mwanya wetu wa 3.66 unaongezeka kwa asilimia 2.4 tu, na B inashuka kutoka 0.94 hadi 0.92. Ni kidogo kwa sababu sumaku imeshahesabiwa kama hewa. Anayechukua mwanya wa 0.8 peke yake kwenye hesabu ya Carter atapata marekebisho makubwa mno na kuilaumu mota.

Lakini Carter anatoa wastani tu. Hakuambii lolote kuhusu mtikisiko unaousikia ukiizungusha mota kwa mkono, ule wa kukwama na kuachia. Kwa huo, tafuta kigawe kidogo cha shirika cha mifereji na sumaku. Kwa 27 na 30 ni 270: mikwamo 270 midogo midogo kwa kila mzunguko, mkono hauisikii. Kwa mifereji 36 na sumaku 12 ni 36 tu, na kila mmoja utausikia.

Wanaotaka usahihi zaidi wasijenge juu ya mlinganyo wangu wa mstari mmoja. Waende kwenye milinganyo ya Laplace na Poisson, inayoeleza jinsi uga unavyoenea, kwa umbo la duara. Mwaka 1993 Z. Q. Zhu na David Howe wa Chuo Kikuu cha Sheffield, pamoja na wenzao, walichapisha mfululizo wa makala nne zinazofanya hivyo: uga wa sumaku peke yake, uga wa koili, athari ya mifereji, kisha mota ikiwa na mzigo. Msingi wa njia hii ni kwamba kila hamoniki hupungua kwa namna yake kadiri unavyoondoka kwenye sumaku, na zile za juu hufa haraka. Mfano: kwenye jenereta ya upepo isiyo na chuma mbele ya sumaku, ncha zikiwa na milimita 16.2 kila moja, ukisogea milimita 5 wimbi kuu limebaki asilimia 38, la tatu limebaki asilimia 5. Ndiyo maana jenereta hizo hutoa wimbi safi, na ndiyo maana zinahitaji sumaku nyingi kupata volti chache.

Makala hizo, mlinganyo wangu, na Carter, vyote vina dhana moja nyuma yake: kwamba chuma hakichoki kupitisha uga. Hapa ndipo hesabu ya kalamu inapoanguka, na hapa ndipo nawasihi muwe makini kuliko mahali pengine pote. Uga wote wa sumaku moja, 0.92 T juu ya upana wa milimita 13, lazima upite kwenye jino moja. Jino likiwa na upana wa milimita 9, ndani yake kuna 1.3 T, sawa kabisa. Likiwa milimita 7, ni 1.7 T, na bati za steta hapo zinaanza kushiba. Jino lililoshiba ni kama taksi ya abiria 14: wa kumi na tano utamwingiza, lakini kwa kusukumana. Kisha ongeza mzigo. Ampea 50 kwenye mizunguko 8 ya waya ni ampea-mizunguko 400. Kwa kukadiria juu juu, koili inaongeza 0.14 T kwenye mwanya, na yote inapita kwenye jino lile lile.

Pete ya nje nayo ina hesabu yake. Nusu ya uga wa kila sumaku inageukia kushoto, nusu kulia. Pete ya milimita 4 inabeba 1.5 T. Kuna watu huipunguza kwenye leithi hadi 3 ili gurudumu liwe jepesi, na hapo inakuwa 2 T, yaani imeshiba. Uga unaanza kuvuja nje. Gusisha bisibisi mgongoni mwa gurudumu. Ikinata vizuri, pete ni nyembamba mno.

Joto nalo litie kwenye hesabu. Neodimiamu hupoteza kama asilimia 0.12 kwa kila digrii, kwa hiyo kutoka 20 hadi 100 imepoteza karibu asilimia 10, na boda inayopanda kilima cha Muyenga na abiria wawili haikosi joto. Hiyo hurudi ikipoa. Isiyorudi ni ile ya kuvuka kikomo: sumaku ya kawaida isiyo na herufi ya ziada mwishoni mwa namba yake huishia digrii 80, yenye H 120, yenye SH 150. Mimi sinunui isiyo na herufi kwa ajili ya boda.

Sasa jinsi ya kujua kama hesabu yako ni kweli bila maabara. Zungusha mota kwa drili, nyaya tatu zikiwa wazi, na upime volti kati ya nyaya mbili. Zungusha kwa mizunguko 200 kwa dakika. Sumaku 30 ni jozi 15, kwa hiyo utapata hezi 50 kamili, mahali ambapo hata mita ya bei rahisi husoma vizuri. Tumia mlinganyo wa transfoma, 4.44 × f × N × k × Φ: f ni hezi, N ni mizunguko ya waya kwa fezi, k ni faktari ya usukaji wa koili, na Φ ni jumla ya uga wa ncha moja, kwa weba (Wb). Wimbi kuu la uga lina kilele cha 1.11 T (juu kuliko 0.92 ya lile umbo la mraba), steta ikiwa na bati za urefu wa milimita 30, Φ ni 0.000344 Wb kwa ncha. Meno 9 kwa fezi mara mizunguko 8 ni 72. k kwa usukaji wa 27 na 30 ni 0.945. Jibu ni volti 5.2 kwa fezi, yaani karibu volti 9 kati ya waya na waya.

Ukisoma 8.7, endelea na kazi: uga kidogo huvuja kwenye ncha za steta, na hesabu yetu haikuugusa. Ukisoma 8 au chini yake, usikimbilie kununua sumaku. Pima kwanza jozi zote tatu za nyaya. Zisipolingana, tatizo ni koili: kuna mizunguko iliyopungua au iliyoshikana. Zikilingana zote kwa upungufu uleule, ingiza vipande vya karatasi ngumu kwenye mwanya pande nne na uone unene halisi, kisha pima jino na pete kwa kalipa na urudie hesabu ya tesla. Sumaku iwe mshukiwa wa mwisho. Na ukifika kwake, uliza mwenye boda kama iliwahi kutoa harufu ya vanishi ya koili, dalili ya joto kali, ikiwa mlimani.